Bila Pai, Hakuna Kasisi

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa kwa jumuiya yetu ya wazungumzaji wa Kiswahili hapa Leicester, Uingereza, wiki chache kabla ya Pasaka. Waliokuwa zamu jioni ile wameomba nakala. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Maneno nimeyaweka karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, akina baba, na ninyi vijana mliosimama nyuma kwa sababu viti vimekwisha, habari za jioni.

Nimepewa nusu saa, kisha chakula. Kusimama kati ya Mswahili na pilau ni hatari, kwa hiyo nami nitazungumzia chakula.

Nani hapa ameshafika Hallaton? Inueni mikono. Mikono miwili! Na mmoja wenu anapeleka vifurushi kwa gari, huyo hatumhesabu.

Hallaton ni kama maili 15 kutoka hapa tulipokaa. Ukitoka mjini ukaelekea mashariki, nyumba zinapungua, kondoo wanaongezeka, barabara inakuwa nyembamba mpaka magari mawili yakikutana mmoja lazima arudi kinyumenyume. Ndipo unaingia kijijini. Nyumba za mawe ya rangi ya kutu, nyingine bado zimeezekwa kwa nyasi. Kanisa la Mtakatifu Mikaeli. Uwanja mdogo wa majani, na katikati yake mnara wa mawe wa kale wenye umbo la pia iliyopinduliwa, wanauita Buttercross, mahali ambapo zamani palikuwa soko. Wakazi hawafiki elfu moja. Ukipita siku ya kawaida utadhani wote wamelala.

Sasa nendeni Jumatatu ya Pasaka.

Jumatatu ya Pasaka watu wanakuja kwa maelfu. Kuna maandamano yenye bendi. Mbele anatembea mtu mwenye fimbo ndefu, na juu ya fimbo kuna sanamu ya sungura anayeruka. Nyuma yake mwanamke amebeba pai kubwa ya nyama, mwingine amebeba kikapu cha mikate, na wanaume watatu wameinua juu ya vichwa vyao vipipa vitatu vya mbao. Viwili vina bia ndani. Cha tatu ni gogo tupu lililopakwa rangi nyekundu, nyeupe na bluu. Wanafika kwenye lango la kanisa. Kasisi anaibariki pai, inakatwa, vipande vinagawiwa watu. Mikate inarushwa kwa umati pale Buttercross. Pai iliyobaki inabebwa kwenye gunia hadi kwenye kilima nje ya kijiji, kinaitwa Hare Pie Bank, yaani kilima cha pai ya sungura, na huko inatupwa hewani watu waigombee.

Naona mama mmoja anatikisa kichwa. Chakula kinatupwa! Subiri, mama. Nitakueleza.

Baada ya pai, vita. Waandaaji wanaita mchezo, Bottle Kicking, yaani kupiga chupa teke, maana vile vipipa wanaviita chupa, lakini mimi nimeuona kwa macho yangu. Hallaton upande huu, kijiji jirani cha Medbourne upande ule. Kipipa kinarushwa juu mara tatu, na kikianguka mara ya tatu mchezo umeanza. Kila upande unataka kukivusha kipipa ng'ambo ya kijito cha upande wake. Kati ya kijito na kijito ni karibu maili moja, na katikati kuna nini? Kuna michongoma, mitaro, seng'enge, na tope ambalo likikamata kiatu chako, salimu amri, kiache. Hakuna idadi ya wachezaji. Hakuna mistari ya uwanja. Hakuna sare rasmi. Kanuni ni chache: usimtoboe mwenzako macho, usimkabe koo, usije na silaha. Basi. Anayepata vipipa viwili kati ya vitatu ameshinda, na inaweza kuchukua saa nyingi. Rundo la watu linasukumana papo hapo, halisogei, mvuke unapanda kutoka migongoni mwao kama sufuria iliyofunuliwa. Halafu ghafla mtu mmoja anachomoka na kipipa kifuani, na kundi zima linamfuata mteremkoni likipiga kelele.

Waliotoka Unguja hapa wanacheka kwa sababu wanaijua habari hii. Makunduchi, mwezi wa Julai, Mwaka Kogwa, watu wa pande mbili wanachapana kwa migomba, na jioni hakuna kinyongo. Sitaki kufananisha sana. Kila kijiji kina sababu zake. Nataka tuiulize Hallaton swali moja tu, na swali hili mtalisikia tena na tena jioni hii.

Nani anakula?

Watalii wakija wanauliza mchezo una umri gani. Waandishi wa magazeti wanauliza ni watu wangapi wamevunjika mbavu. Wasomi wanauliza kama sungura alikuwa mungu wa kipagani. Mimi nauliza: nani anakula?

Kijijini watakusimulia hivi. Hapo kale, wanawake wawili walikuwa wakikatiza konde, fahali akawajia mbio. Hawakuwa na pa kukimbilia. Ghafla sungura akachomoka kwenye majani, fahali akageuka kumfukuza sungura, na wale wanawake wakapona. Kwa shukrani walilipa kanisa ardhi, pamoja na sharti. Sharti gani? Kwamba kila mwaka, Jumatatu ya Pasaka, kasisi atoe pai za sungura, bia, na mikate 24 ya bei ya peni moja moja, watu waigombee.

(Kijana mmoja hapa ameuliza kwa nini sungura aliyewaokoa ndiye aliyetiwa kwenye pai. Swali zuri. Sungura hana mwanasheria.)

Kisa cha fahali mnaweza kukiamini au kukiacha. Lakini ardhi ilikuwepo. Iliandikwa. Lilikuwa shamba lenye jina lake, na kasisi aliyelila shamba lile alikuwa na deni la pai. Mnaona mambo yanavyobadilika? Ile pai si ukarimu wa kasisi. Ni kodi ya shamba. Mwenye kuigombea kilimani haombi, anadai. Mama uliyetikisa kichwa, ndiyo maana inarushwa. Hakuna mkono unaompa mwingine, hakuna anayepanga foleni na kofia mkononi akisema asante bwana mkubwa. Inarushwa, unaruka, unapata, unakula. Hayo ni maoni yangu mimi, sikuyasoma kwenye kitabu cha kanisa. Lakini ukisimama pale ukaona mwenye gari la thamani na kibarua wa shambani wanagombea kipande kimoja chenye tope, utaniambia.

Sasa sikilizeni kilichotokea mwaka 1790.

Kasisi wa wakati huo aliuangalia mchezo huu, akaona ulevi, akaona fujo, akaona upagani. Akataka kuukomesha, fedha za lile shamba zitumike kwa jambo la heshima zaidi. Na pengine nia yake ilikuwa njema kabisa. Wangapi kati yetu tumekaa kwenye kamati na mtu mwenye nia njema? Asubuhi akaamka akakuta maneno yameandikwa ukutani kwake: "No pie, no parson." Bila pai, hakuna kasisi.

Maneno manne tu. Hakuna barua ndefu, hakuna ujumbe wa wazee kwenda kwa askofu. Bila pai, hakuna kasisi! Wewe upo hapa kwa sababu ya pai. Ukiiondoa pai, umejiondoa mwenyewe.

Kasisi akanyamaza, pai ikaendelea, na mpaka leo kasisi ndiye anayeibariki.

Na fikirieni ilikuwa enzi gani. Karne ya 18 Bunge la Uingereza lilikuwa likipitisha sheria moja baada ya nyingine za kugawa mashamba ya pamoja na kuyazungushia ua. Mtu wa kawaida aliyekuwa na haki ya kulisha ng'ombe wake mmoja kwenye malisho ya kijiji, au kuokota kuni, au kuokota masuke baada ya mavuno, aliamka akakuta ua. Ardhi imekuwa ya bwana fulani kwa karatasi iliyosainiwa London. Wazee wanaotoka kwenye nyanda za juu za Kenya hawahitaji kuelezwa habari ya namna hiyo. Babu zao waliipata kutoka kwa Waingereza hawa hawa, waliokuwa wamekwisha kufanyiana wao kwa wao. Sasa katika wakati kama huo, mtu akuondolee na pai pia? Ilikuwa ndogo, ilikuwa na mifupa, lakini ilikuwa yao.

Nani anakula? Hilo ndilo lilikuwa likibishaniwa ukutani kwa kasisi.

Nitoke Hallaton kidogo, niwapeleke kusini, Hampshire, kwenye kijiji kinachoitwa Tichborne. Hapa hakuna mchezo wala kusukumana. Hapa kuna unga. Nimewasikia! Neno unga limewaamsha hata waliokuwa kwenye simu.

Kila tarehe 25 Machi, siku Wakristo wanapoadhimisha Malaika Gabrieli kumpasha habari Maria, unga wa ngano unawekwa mbele ya jumba la ukoo wa Tichborne. Padri anaubariki, na watu wa kijiji hicho na majirani zao wanakuja na mifuko. Mtu mzima anapimiwa galoni moja, mtoto nusu galoni. Unga ulitoka wapi?

Wanasema katika karne ya 12 bibi wa jumba hilo, Mabella, alikuwa mgonjwa kitandani, karibu kufa. Akamwomba mumewe, Sir Roger, atenge ardhi ili maskini wagawiwe chakula kila mwaka. Mume hakutaka. Hakusema hapana moja kwa moja. Alifanya ile hapana ya wenye mali. Akachukua kijinga cha moto jikoni akasema: ardhi yote utakayoweza kuizunguka kabla moto huu haujazimika, ni ya maskini wako. Akijua mke hawezi hata kusimama.

Mabella hakusimama. Alitambaa. Alitambaa kwa mikono na magoti, mwenge unawaka, na kabla haujazimika alikuwa amezunguka ekari 23. Konde hilo mpaka leo linaitwa The Crawls, yaani mahali pa kutambaa. Aliporudishwa kitandani akaacha na laana: siku mtakayoacha kugawa, nyumba itaanguka na jina la ukoo litapotea, na dalili yake itakuwa kizazi cha wana saba kikifuatwa na kizazi cha mabinti saba.

Mama huyo aliijua familia ya mumewe vizuri.

Miaka mia sita na zaidi wakagawa. Mwaka 1796 ugawaji ukasimamishwa. Kwa nini? Kwa sababu wazururaji walikuwa wakija kutoka kila mahali, mahakimu wakalalamika. Sababu ile ile ya kila siku: maskini wamekuwa wengi mno kusaidiwa. Mwaka 1803 sehemu ya jumba ikaanguka. Mwenye jumba, Sir Henry, alikuwa na watoto wa kiume saba. Mrithi wake akazaa mabinti saba. Saba! Unga ukarudi, wapendwa.

Mimi siwaambii muogope laana. Majumba ya zamani huanguka yenyewe, na mabinti ni baraka, ninao nyumbani. Nawaonyesha namna watu walivyofunga fundo. Hallaton walilifunga kwa hati ya ardhi: shamba lako, pai yetu. Tichborne wakaongeza hofu. Kila mahali mtu wa zamani alijua jambo moja: tajiri wa leo anaweza kutoa, lakini mjukuu wake atauliza kwa nini. Basi wakaliwekea tarehe, wakaliwekea sherehe, wakalizungushia watu wazima na watoto wanaolingoja. Mjukuu akitaka kuacha itabidi aache mbele ya macho ya kijiji kizima.

Cha tatu ni kifupi, maana naona katibu anaangalia saa. Abbots Bromley, kijiji cha Staffordshire. Kila Septemba, Jumatatu baada ya Jumapili ya kwanza inayofuata tarehe 4, watu sita wanaingia kanisani asubuhi mapema na kutoka na pembe mabegani. Si pembe za ng'ombe. Ni pembe za kulungu wa nchi za theluji, zile kubwa zenye matawi, na jozi iliyo nzito kuliko zote ina zaidi ya kilo 11. Wanacheza nazo kijijini na kwenye mashamba ya jirani kutwa nzima, pamoja na mchekeshaji, farasi wa mbao, mpiga mishale, na mwanamume aliyevaa gauni. Jioni pembe zinarudishwa kanisani. Mwaka 1976 wanasayansi walizipima, wakakuta ni za karne ya 11. Wakati huo kulungu wa aina hiyo hawakuwepo tena Uingereza, kwa hiyo ziliagizwa au kuletwa, inaelekea kutoka Skandinavia. Nani alizileta kijiji cha watu wa maziwa na siagi, na kwa kazi gani, wasomi wamejaza rafu za vitabu.

Lakini mwaka 1686 bwana mmoja, Robert Plot, aliandika kitabu kuhusu mkoa ule, akaeleza jambo ambalo wasomi wengi hulipita haraka. Alisema ngoma hiyo ilichezwa siku za Krismasi na Mwaka Mpya. Pamoja na ngoma kulikuwa na chungu, ambacho wakubwa wa mji walikitunza kwa zamu, na keki na bia. Kila aliyependa alitoa peni kwa ajili yake na kwa ajili ya familia yake. Na wageni waliokuja kutazama nao walitoa. Fedha zile, baada ya kulipia keki na bia, zilitengeneza kanisa na kuwatunza maskini wa kijiji. Kisha Plot anaongeza, kwa namna ya kusonya, kwamba siku hizi gharama hizo hazibebwi kwa furaha kama zamani.

Ngoma. Chungu. Zamu. Mchango. Jamani, hiki si kikao chetu? Huyu si mweka hazina wetu? Tofauti ni kwamba mweka hazina wetu hana pembe, ingawa akianza kudai michango ya mwezi utadhani anazo.

Na ile sehemu ya wageni nimeipenda zaidi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale mwenyeji alipona kwa peni ya mgeni, na mgeni akala keki. Jambo hili linatuhusu, kwa hiyo niliseme wazi. Nimeulizwa na wengi: sisi tukienda huko vijijini, si tutatazamwa? Mtatazamwa. Siwadanganyi. Vijiji hivi havina watu wengi wa sura zetu, na mzee atakutazama kuanzia kofia hadi viatu. Lakini wazee wetu waliotoka Kampala wanakumbuka Septemba 1972, Idi Amin amekwisha kuwapa watu wa asili ya Kihindi siku 90 waondoke, na halmashauri ya jiji hili hili la Leicester ikalipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus: kwa faida yenu na familia zenu, msije Leicester. Wakaja kwa maelfu. Leo jiji linajivunia Diwali yake kama vile lenyewe ndilo lililowaalika.

Hallaton haina tangazo mlangoni. Mchezo ule hauna kadi ya uanachama. Mtu yeyote anaweza kuingia kwenye rundo na kusukuma, na ukishaingia kwenye tope lile wote mnakuwa rangi moja. Nilimwona kijana, lafudhi yake ya hapa mjini kabisa, amening'inia begani mwa mkulima wa Medbourne, wote wawili hawana pumzi, na mkulima anamfokea: sukuma, sukuma! Hakumuuliza kwanza anatoka wapi, kwa mara moja katika maisha yetu ya Uingereza. Kipipa kilipovuka kijito, walikipandisha Buttercross wakakifungua, kikapita mdomo kwa mdomo. Wasiokunywa wakapewa chai na akina mama waliokuwa na meza pembeni. Nani anakula? Siku ile, aliyefika.

Haya, safari. Jumatatu ya Pasaka ni sikukuu ya taifa, isipokuwa kwa ninyi wa hospitali, wa nyumba za wazee na wa maghala. Ombeni ruhusa mapema, msiseme niliwaambia kesho yake. Magari ya pamoja yataondoka hapa ukumbini asubuhi, kwa sababu barabara za kijiji hufungwa na ukichelewa utaegesha mbali na kutembea. Vaeni mabuti, si viatu vya kanisani. Watoto wadogo waangalie maandamano na mikate pale Buttercross, wasipande kilimani. Wanaotaka kuingia kwenye mchezo waache saa, miwani na pete nyumbani, na wamwambie mtu namba ya simu ya nyumbani. Majina apewe katibu kabla ya Ijumaa Kuu, na mwenye gari lenye nafasi aandike nafasi ngapi.